Jinsi ya Kuhamisha Kiti: Mwongozo wa Kujifunza Ukubwani, Toleo la Kajaga

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka miaka thelathini. Mara ya mwisho kunyoosha kidole darasani ilikuwa zamani, na tangu hapo watu wamezoea kumwona anajua. Hatadaiwa ada wala sare. Atahitaji kiti cha plastiki, kile kile kinachopatikana kwenye kila kabare, yaani kila baa, ya Kajaga kuanzia barabara ya Gatumba hadi ufukoni mwa Tanganyika, na moyo wa kukihamisha.

Nimetaja kiti kwa makusudi. Mtoto hujifunza pale alipoketishwa, na mwalimu analetwa mbele yake. Mtu mzima hujichagulia pa kukaa, na akishakaa hujua yale wanayoyajua waliomzunguka. Ukitaka kufahamu mtu atakuwa amejua nini mwaka ujao, usimwulize anasoma kitabu gani. Tazama jioni anakaa na nani.

Kajaga ni mahali pazuri pa kufanyia zoezi hili. Iko kaskazini-magharibi mwa Bujumbura, njiani kwenda Gatumba, na ukiendelea mbele unafika mpaka wa Kongo, Uvira ikikusubiri ng'ambo. Ndani ya mwendo mfupi unakuta majumba yenye kuta ndefu, mashamba, mialo ya wavuvi, wachoma mushikaki, watu wa mashirika, madereva wa malori na vijana wa baisikeli. Usiku viboko nao hutoka ziwani kuja kula majani. Ujuzi wa kila aina umepangwa hapa ukuta kwa ukuta. Kazi yako ni kuufanya uvuke ukuta.

Vifaa

Andaa kiti kimoja, ikiwezekana chepesi. Andaa daftari dogo linaloingia mfukoni, maana mtu mzima husahau jina la dawa ya nyanya kabla hajafika nyumbani. Andaa pia kitu unachoweza kumpa mwenzako: ujuzi, muda, barua ya kumsomea, hata baisikeli ya kumwazima. Anayekuja kujifunza mikono mitupu hukaribishwa mara ya kwanza tu.

Hatua ya 1: Hesabu viti vyako

Andika mambo matano unayoyajua leo ambayo mwaka jana hukuyajua. Pembeni ya kila jambo andika nani alikufundisha. Usiandike taasisi, andika mtu.

Orodha yangu ilikuwa hivi. Kulipia umeme kwa simu: binti ya dada yangu. Kutambua mukeke aliyelala siku mbili kwenye barafu: mama anayeuza samaki kando ya barabara. Kiasi cha saruji kwenye zege ya msingi: fundi wa jirani. Namna ya kuandika barua ya maombi kwa Kifaransa cha ofisini: mfanyakazi mwenzangu wa zamani. La tano ni habari ya maji ya mwaka 1964, na mwalimu wake ni mzee mmoja wa mwaloni. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Nilipomaliza niliona kwamba hakuna hata jambo moja lililotoka darasani. Hilo lilishachunguzwa mbali na hapa. Mwaka 1971 Allen Tough, mtafiti wa Toronto, alichapisha kitabu kuhusu namna watu wazima wanavyojifunza katika maisha ya kawaida. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kujifunza huko hupangwa na mhusika mwenyewe, nje ya shule yoyote, na kwamba hata anayesema "nilijifunza mwenyewe" huwa ameomba msaada kwa watu wengi njiani. Kwa hiyo orodha yako isikupe aibu. Ni ramani ya chuo chako.

Sasa isome ramani hiyo. Ikiwa watu wote watano wanafanya kazi moja, wanasali pamoja, wametoka mlima mmoja na wanapanga nyumba za bei moja, basi chuo chako kina mwalimu mmoja mwenye sura tano. Watakupenda, watakuzika kwa heshima, ila hawana jipya la kukuambia. Endelea na hatua ya pili haraka.

Hatua ya 2: Msalimie mtu unayemjua nusu

Kuna watu unaowajua nusu: unaujua uso, huna uhakika na jina, mnaamkiana kwa "Amahoro" kila mmoja akipita. Hao ni hazina.

Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala kuhusu nguvu ya uhusiano hafifu. Aliwauliza watu wa Newton, kando ya jiji la Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni: aliyekupa habari za kazi hii, siku zile mlikuwa mkionana mara ngapi? Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, waliosema "mara kwa mara" hawakufika asilimia 17. Zaidi ya asilimia 55 walisema "mara mojamoja", na karibu asilimia 28 walisema "kwa nadra sana". Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa karibu amekaa mnapokaa, amesikia uliyoyasikia. Yule unayemwona mara moja kwa mwezi anatoka kwenye kikao kingine, na kikao hicho kina habari zake.

Hapa Kajaga hao watu wa nusu hawatafutwi kwa taa. Dereva wa lori anajua bei za Uvira kabla hazijafika sokoni. Mlinzi wa zamu ya usiku anajua viboko hupita wapi, na geti lipi lisifunguliwe saa kumi alfajiri. Mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anajua ni nyumba zipi zimeanza kukopa, kwa hiyo anajua hali ya uchumi wa mtaa bila kusubiri takwimu.

Dozi ya mtu mzima: mtu mmoja wa nusu kila siku, pamoja na swali moja lisilohusu mvua wala afya ya watoto. Muulize kazi yake inaendaje, na ni kitu gani kimebadilika. Kisha nyamaza. Watu wengi hawajawahi kuulizwa habari za kazi yao na mtu anayesubiri jibu, na ukisubiri utaona uso unabadilika, mgongo unanyooka, na somo linaanza.

Ila usitarajie mtu wa nusu akufundishe kila kitu. Habari husafiri na mtu wa mbali, lakini ufundi huishi kwa mtu wa karibu anayeweza kuvumilia makosa yako mara kumi. Dereva atakwambia kwamba Uvira wanatafuta vitunguu. Kulima vitunguu utafundishwa na jirani mwenye shamba, na kwa huyo hatua ni ya tatu.

Hatua ya 3: Anza na vifungo

Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alikwenda Liberia akakaa na mafundi cherehani wa makabila ya Vai na Gola. Alitaka kuona kijana anakuwaje fundi bila shule. Aligundua kwamba mafundi wale huanza somo kwa nyuma. Mwanafunzi hupewa kwanza kazi za mwisho: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Baadaye hushona vipande. Kukata kitambaa huja mwisho kabisa. Hekima iliyomo ni kubwa. Aliyekosea kifungo hukishona upya, aliyekosea mkasi amepoteza kitambaa cha mteja. Tena, kwa kushika nguo zilizokamilika kila siku, kijana anakuwa ameshaelewa nguo nzima ikoje kabla hajaulizwa aikateje. Mwaka 1991 Lave na mwenzake Etienne Wenger waliandika kitabu juu ya jambo hili, wakieleza kwamba mtu hujifunza kwa kuingia katika jumuiya ya watendaji kupitia pembeni, kisha kusogea ndani pole pole.

Huhitaji kwenda Liberia. Nenda Buyenzi, mtaa wa Bujumbura uliozoea Kiswahili tangu enzi za ukoloni, upite kwenye gereji zake. Utamwona kijana anayepokea spana na kuzirudisha mahali pake. Anajua spana namba 13 iko wapi kabla hajajua inafungua nini, na ataijua kazi yake kwa sababu mkono wake ulikuwepo kila ilipofanya kazi.

Mtu mzima anakosea hapa kwa sababu ya hadhi. Anataka kuingia kwa mlango wa mbele na kupewa mkasi siku ya kwanza kwa kuwa ana digrii, au ana gari, au ni baba wa watoto wanne. Nakusihi, omba kifungo. Ukitaka kujua ufugaji wa kuku, usianze kwa kununua vifaranga mia tano. Muombe jirani anayefuga akuruhusu umwoshee vyombo vya maji kwa wiki mbili. Utajua harufu ya banda lenye afya, na utajua sauti ya kuku anayeumwa. Hayo hayapatikani kwenye kijitabu chochote.

Ukitaka kulijua ziwa, subiri mbalamwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazina nguvu tena ya kuwavuta samaki, na mitumbwi mingi hupumzika ufukoni kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kuzungumza. Mvuvi ambaye wiki iliyopita hakuwa na dakika moja ya kukujibu, sasa ana mchana mzima na mikono yenye kazi isiyozuia mdomo. Shika upande mmoja wa wavu ili asihangaike kuunyoosha. Umeshaandikishwa shule.

Hatua ya 4: Uliza mapema, kabla ujinga haujaota mizizi

Kuuliza si ujinga. Wazee walisema hivyo wakijua kwamba mtu mzima anaogopa. Na swali lina umri wake. Siku ya kwanza kwenye kikundi, "hili neno maana yake nini?" ni swali la mgeni na kila mtu atafurahi kulijibu. Baada ya miezi sita ni swali la mtu aliyekuwa akitikisa kichwa muda wote bila kuelewa, na sasa ana siri ya kulinda. Nimeona watu wenye akili nyingi wakilinda siri ya namna hiyo hadi kustaafu. Kwa hiyo uliza siku ya kwanza.

Uliza pia kwa lugha ya mjuzi. Hapa kwetu jambo hili lina uzito. Kifaransa kina ofisi na karatasi, Kirundi kina nyumba na moyo wa nchi, Kiswahili kina soko, gereji, bandari na ziwa zima hadi Kigoma na Kalemie. Mwulize mvuvi kwa Kifaransa naye atakujibu "ndiyo" ili muachane kwa amani. Mwulize kwa Kiswahili au Kirundi, utaambiwa na jina la upepo. Kama lugha yenyewe inakupiga chenga, hilo ni somo la kwanza, na mwalimu tayari amekaa mbele yako.

Halafu uliza hata walio chini yako kwa umri. Baba wa miaka hamsini anayefundishwa simu na binti wa miaka kumi na tano hupata shida moja tu: hajui amwiteje mwalimu wake. Amwite "mama", kama tunavyowaita mabinti wetu kwa mapenzi, ashukuru, somo liendelee. Mtoto aliyewahi kumfundisha mzazi wake jambo moja hukua akiamini kwamba kujua kunagawanywa.

Hatua ya 5: Jiunge na kikundi ambacho kina jambo la kufanya

Kuna vikundi vya kusema na vikundi vya kutenda. Katika vikundi vya kutenda, Burundi ina ikirimba, ule mchango wa mzunguko ambao Watanzania huuita upatu na Wakenya hupenda kuuingiza kwenye chama. Watu wengi huingia ikirimba kwa ajili ya pesa, na pesa huja kwa zamu. Elimu, hata hivyo, huja kila kikao. Ukikaa na wanawake kumi wanaochanga kila wiki, utajifunza hesabu ya riba bila kusikia neno "hisabati". Utajifunza kumkatalia ndugu mkopo kwa maneno yasiyovunja undugu, kuweka kumbukumbu ambazo hata asiyesoma anaweza kuzihakiki, na kusema mbele za watu. Kwa nini mambo hayo yanashika? Kwa sababu pesa yako iko mezani. Hakuna anayesinzia kwenye somo ambalo ameliwekea fedha za mwezi.

Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, ambao shirika la CARE liliuanzisha kule Maradi, Niger, mwaka 1991 pamoja na wanawake wa huko, umesambaa katika nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwemo. Umesambaa pia kwa njia ile ile ninayoisema: mwanamke mmoja aliona kikundi cha mwenzake kikifanya kazi, akaomba kukaa pembeni, akatazama, akarudi kwao na sanduku lenye kufuli tatu.

Anayedhani vikundi ni jambo dogo akumbuke Tanzania ya mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kila wiki, wakasikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara na kichocho, kisha wakainuka kwenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Redio peke yake ingeweza kusema kila siku kwamba choo ni muhimu. Kilichochimba choo ni kwamba Jumanne mlikubaliana mbele ya jirani, na Jumanne iliyofuata jirani yule yule anakuuliza shimo limefika wapi.

Na hapa Burundi, watu wengi, wakiwemo watu wazima, walijua kusoma kupitia Yaga Mukama, madarasa ya parokia ambayo jina lake lina maana ya "Nena, Bwana". Waliketi na watu waliokuwa wakiwaamini tayari, karibu na nyumbani. Herufi zilikuja kupitia njia iliyokuwa imeshachongwa na imani.

Kwa hiyo kabla hujajiunga na kikundi, uliza: tukitoka hapa, tunakwenda kufanya nini? Kama hakuna jibu, kunywa chai yako, shukuru, hamisha kiti.

Hatua ya 6: Usihesabu vinywa, tafuta macho

Mtandao wa watu hubeba ujuzi, na kwa mabega yale yale hubeba uongo. Sote tunaijua miaka ya uhaba wa petroli hapa Burundi. Ujumbe unaingia kwenye simu: mafuta yamefika kituo fulani. Unaingia tena kutoka kwa shemeji, kisha kutoka kwa mwenzako wa kazini, kisha kutoka kwenye kikundi cha kwaya. Unasema watu wanne wamethibitisha, unawasha gari kwa tone la mwisho. Ukifika, kituo kimefungwa. Watu wanne walikuwa wamesema, ila aliyeona hakuwepo hata mmoja. Wote walipokea kutoka chanzo kimoja.

Lisemwalo lipo, lakini pengine lipo kwenye simu tu. Kanuni ya hatua hii: ukisikia jambo kubwa, usihesabu vinywa. Tafuta macho. Muulize kila aliyekuambia, "Wewe uliliona, au uliambiwa?" Uliza kwa upole, maana swali hili likiulizwa kwa ukali huonekana tuhuma. Ukipata jicho moja lililoona, hilo linazidi vinywa arobaini. Na wewe ukipeleka habari mbele, taja ulivyoipata: "nimeona", au "nimeambiwa na aliyeona", au "nimesikia tu". Mtaa ambao watu wake wametofautisha maneno hayo matatu ni mtaa uliosoma.

Hatari ni kubwa zaidi pale ambapo kila mtu kwenye kikundi anafanana na mwenzake. Wakikosea, wanakosea pamoja, na hakuna kelele itakayowaamsha. Jambo la tano kwenye orodha yangu linatoka hapa.

Hatua ya 7: Kaa kati ya wawili wasiojuana

Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu ya watu walipoteza makazi. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe lilipanda, na mwaka 2024 likapanda tena. Mimi nilikuwa nimepanga nyumba upande wa ziwani. Asubuhi moja ya mwaka 2021 niliamka nikakuta ua umejaa maji, na vyura wameshika ngazi ya mlango. Tulihamisha vitu kwa mtumbwi wa jirani. Watoto walifurahi. Mke wangu alilia, nami nilikosa la kumwambia.

Kwa wiki kadhaa, kwenye meza yetu ya jioni, wapangaji na wenye nyumba, wote wenye elimu, tulisema neno moja: haijawahi kutokea. Tulilisema mara nyingi mpaka likawa kweli.

Mbalamwezi ilipofika, nilikwenda mwaloni kumrudishia mtumbwi yule jirani. Alikuwepo mzee mmoja anashona wavu. Nilimwamkia, nikashika upande wa pili wa wavu, nikamwambia maji haya hayajawahi kutokea. Hakunicheka. Aliendelea na sindano yake, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka 1964 nilikuwa kijana. Maji yalipita pale." Akanionyesha kwa kidevu mnazi mmoja, mbali kabisa nyuma ya nyumba yangu.

Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia waliokuwa wakijenga. Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Nilirudi na daftari langu. Sasa, mimi nami nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Kazini kwangu niliwahi kupitia Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012, inayotaka ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika uachwe bila ujenzi. Nilikuwa nimeisoma kama mtu anavyosoma karatasi za kazi, nikaifunga, nikaenda kupanga nyumba ziwani. Karatasi ilikuwa kwenye meza yetu na kumbukumbu ilikuwa mwaloni. Kati ya meza na mwalo ni mwendo wa dakika sita kwa miguu, na katika miaka yote ile hakuna kiti kilichowekwa katikati.

Nusu ya ujuzi ilikuwa kwa watu wa Kifaransa na nusu kwa watu wa wavu. Kila nusu, ikiwa peke yake, haikumwokoa mtu. Sheria bila kumbukumbu ni namba isiyo na uso, na kumbukumbu bila sheria ni hadithi ya mzee. Zingekutana mapema, familia nyingi zingejenga penye kavu. Ndiyo maana hatua ya saba ninaiona ni wajibu kuliko zote. Ukigundua kwamba unawajua watu wawili wenye vipande vya jambo moja, na wao hawajuani, usilale kabla hujawakutanisha. Huhitaji kuwa mjuzi wa lolote. Inatosha uwe na miguu na lugha mbili.

Matengenezo

Mtandao wa watu huchakaa kama wavu: ukiachwa juani bila kutumika, huoza. Wapigie watu wako wa nusu bila kuwa na shida. Rudisha habari kwa aliyekufundisha. Mwambie mama wa samaki kwamba mukeke uliyemchagua mwenyewe alikuwa mzima, na utaona wiki ijayo anakuitia samaki mwingine akuonyeshe jambo la pili. Fundisha ulilofundishwa lingali bichi, kwa sababu aliyejifunza jana anakumbuka bado ni wapi palipomchanganya. Na kila mwaka fanya upya orodha ya hatua ya kwanza. Majina yakiwa yale yale, kiti chako kimeota mizizi.

Zoezi la mwisho

Mbalamwezi iliyofuata nilikwenda mwaloni na kile kifungu cha sheria. Nilimsomea mzee kwa Kiswahili, neno kwa neno, tukiwa na wavu katikati yetu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akaweka sindano chini.

"Hizo mita 150," akasema, "wanaanza kuhesabu kutoka maji ya leo, au kutoka maji ya mwaka ule?"

Nimekaa kwenye mikutano mingi kuhusu ziwa hili, yenye ramani na maji ya chupa. Swali hilo sikuwahi kulisikia likiulizwa, nami mwenyewe sikuwahi kuliuliza. Nililiandika kwenye daftari, na kesho yake nikamtafuta mpima ardhi mmoja ninayemjua nusu. Alilisoma mara mbili, akaniuliza ni mhandisi gani aliyeuliza vile.

Jumamosi ile nilibeba viti viwili vya plastiki hadi mwaloni. Cha tatu kilikuwepo, mzee alikuwa amekikalia tayari.